Kikombe Chini ya Sinki

Kiogoro,
Jumapili, 18 Mei 2025

Bonareri,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako ambaye nalala nyumbani kwake, hata Mungu. Naogopa nikilitaja kwenye sala litakuwa kweli zaidi. Kwa siku kumi na moja sasa nimekuwa nikilamba mwiko na kuurudisha kwenye sufuria ya watu. Si kwa kusahau. Ni kwa makusudi.

Ngoja nikuelezee, maana uliporudi shuleni kazi hii ilikuwa haijapatikana. Nilibaki nimelala kwenye kitanda chako nikihesabu mbao za dari na kungoja chuo kiniite, mpaka mama yako akachoka kuniangalia. Unajua huwauzia dania Wahindi wa mjini, kwa Bipin. Mke wa Bipin, Meena, alikuwa anatafuta msichana msafi asiye na maneno mengi, amsaidie kutengeneza salsa. Mama yako, mama mdogo wangu, akamwambia, "Huyu wangu hana maneno kabisa." Nikachukuliwa siku hiyo hiyo.

Salsa ni kama kachumbari iliyopikwa ikalainika. Wazo lilitoka kwa binti yao Palak, anayesoma Nairobi, pamoja na vibandiko vya chupa. Tunaipika jikoni kwao, ghorofani, na inauzwa dukani chini. Katika nyumba ile vitunguu haviliwi, kwa hiyo tunatia mvuje, ambao wao huuita hing. Bonareri, mvuje unanuka! Unanuka kama raba za wavulana zilizofungiwa sandukuni wiki nzima ya mvua. Ukiungua kidogo kwenye mafuta unageuka kuwa mtamu, lakini kabla ya hapo mimi huwa nimetoa kichwa dirishani.

Nyanya zinatoka Suneka kwa makreti. Za chini huja zimepondeka, zinatoa maji yenye povu, na kidole kikizama ndani ya moja hivi mwili wote unanisisimka. Mbovu nazitupa, nzima nazitumbukiza kwenye maji moto, kisha namenya. Ganda la nyanya iliyochemshwa hutoka kama ngozi ya lengelenge. Linanigandia mikononi, na jioni nakuta mbegu zimekauka kwenye nywele. Siku hizi mama yako akipika mboga ya nyanya nasingizia kwamba nimeshiba.

Siku ya kwanza, sufuria ilipokaribia kuiva, nilifanya kile ambacho mama zetu wote hufanya. Nilichota kidogo kwa mwiko, nikaonja, nikaendelea kukoroga. Nyuma yangu mtu akasema, "Chhi!", neno lao la kinyaa.

Alikuwa ni Ba, mama yake Bipin. Ana zaidi ya miaka themanini na hukaa siku nzima kwenye kiti cha varanda ya ndani, akitazama kijumba kidogo cha mbao chenye sanamu za Mungu wao. Kumbe mle ndani hakuna anayeonja chakula kabla bakuli la kwanza halijawekwa mbele ya kile kijumba. Na kitu kilichoguswa na ulimi wa mtu, Ba hawezi kukila. Meena alinieleza polepole, bila kelele. Kisha akazima moto, akaibeba sufuria kwa vitambaa viwili na kuimwaga yote chooni. Nyanya za kreti zima. Akavuta maji mara tatu, na mimi nimesimama mlangoni naangalia ikizunguka. Ba alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari, ananitazama kama mtu anayetazama matapishi.

Kesho yake, Meena aliposhuka dukani, niliulamba mwiko tena. Na keshokutwa. Kila siku bakuli la kwanza linakwenda kwa Mungu, la pili kwa Ba, na mengine kwenye chupa.

Wakijua, nitafukuzwa, na mama yako hatauza dania pale tena. Nifanye nini? Barua hii nimempa mzee Manasseh anayeleta mikate shuleni kwenu, ili isipitie ofisini ambako barua hufunguliwa.

Dada yako,
Gesare

*

Shuleni, Nyamira,
Jumatano, 21 Mei 2025

Gesare wa kunyamaza,

Mzee Manasseh alinipa barua yako akiwa ameificha chini ya mikate, na kweli inanuka huo mvuje wako. Kiranja wetu Sharon alipita akauliza ni nani ameleta soksi mezani.

Nilicheka, kisha nikaogopa, kisha nikacheka tena. Wewe! Wewe uliyekuwa ukigonga kiti unakiomba msamaha! Ningeambiwa ni mimi nimelamba sufuria ya watu ningekubali bila kesi. Lakini wewe?

Kwanza, mate yako yana nini? Bibi wa Nyaramba alikuwa akionja uji wetu, anapuliza, anaonja tena, halafu anatupatia kikombe hicho hicho chenye alama ya mdomo wake. Tulikufa? Pili, salsa inachemka. Mate yako yamechemshwa vizuri kuliko maji tunayokunywa hapa. Kwa hiyo ugonjwa hutaleta.

Lakini sikuamini, Gesare. Nimelala nikiifikiria hiyo barua. Mtu kama wewe hafanyi ubaya siku kumi na moja kwa sababu ya sufuria moja iliyomwagwa, tena ukaelezwa polepole bila kelele. Mwalimu Anyona alikurarulia insha mbele ya darasa zima, na ukamshukuru. Kuna kitu hujaniambia. Niambie, au nitamuuliza mama akija kututembelea Jumapili.

Halafu uache. Si kwa sababu ya mate. Ni kwa sababu yule mwanamke mzee anakula kitu ambacho asingekila kama angejua. Mimi ningetapika.

Wako asiyejua kunyamaza,
Bonareri

*

Kiogoro,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Bonareri,

Tafadhali usimuulize mama yako. Nitasema.

Ni kikombe.

Jikoni kwao kuna ubao wenye ndoano, na karibu kila ndoano imening'inizwa kikombe cha chuma. Cha Bipin, cha Meena, cha Ba, cha Palak asiyekuwepo, na vinne vya wageni. Siku ya kwanza, kabla hata ya ule mwiko, Meena alinipa chai ya saa nne kwenye kikombe kama hivyo, kimepakwa alama ya rangi ya kucha nyekundu chini. Nikafurahi, nikadhani wameniwekea alama ili kisipotee. Nilipokiosha nikakitundika kwenye ndoano iliyokuwa wazi. Ba akasema kitu kwa lugha yao. Meena akaja, hakuniangalia usoni, akakitoa, akafungua kijimlango cha chini ya sinki. Mle ndani kuna brashi ya choo, sabuni ya kufulia na dawa ya mende. Akakiweka hapo. Akasema, "Chako kinakaa hapa, Gesare. Ni mpango tu wa nyumba."

Mpango tu wa nyumba.

Kila saa nne nafungua kijimlango, nakitoa, naosha, nanusa, naosha tena. Kuna siku nilikuta mende ndani, amelala chali, miguu bado inacheza. Nilimtoa nikanywa chai. Ningesema nini? Ningesema, "Sitaki chai"? Wangeniuliza kwa nini, na ningelazimika kujibu. Nilikunywa, na tangu siku hiyo chai yote ina ladha ya mende, hata ya mama yako.

Ndiyo sababu naulamba mwiko. Nikiwa naulamba najiambia: haya, kunyweni na nyinyi kutoka chini ya sinki. Halafu Ba anapelekewa bakuli lake, na anakula. Anakula sana, Bonareri. Meena anasema tangu nianze kazi Ba amerudiwa na hamu ya chakula, na kwamba nina mkono mzuri. Juzi Ba aliniwekea kiganja kichwani nikipita. Nilikwenda bafuni nikajisugua nywele kwa maji baridi. Sijui kama nilikuwa nautoa uchafu wake, au wangu.

Jambo la mwisho na la haraka: mama yako amenunua chupa akuletee kesho. Amejivunia, anasema ni kazi ya mikono yangu. Ni ya Alhamisi. Usile. Barua hii naificha chini kabisa ya mfuko anaokuletea, kati ya sabuni na chupa.

Gesare

*

Shuleni, Nyamira,
Jumatatu, 26 Mei 2025

Gesare,

Barua niliipata baada ya mama kuondoka, ilikuwa imenata kwenye sabuni. Lakini chupa niliijua mara tu ilipotoka mfukoni.

Sikiliza yaliyonipata. Tumekaa kwenye nyasi, mama anafunua viazi na kuku, halafu anatoa chupa juu kama kombe la mpira. "Hii imepikwa na dada yako kwa Wahindi. Onja." Nikasema nimeshiba. "Umeshiba nini, na hujagusa kitu?" Nikasema tumbo linauma. "Tumbo la nani linaumwa na kuku ambaye halijamla?" Wazazi wengine wameanza kutazama. Gesare, niliweka kidole kimoja kwenye chupa nikakilamba, macho nimefumba, naona ulimi wako.

Ilikuwa tamu.

Samahani, lakini ni kweli. Ilikuwa tamu hivi kwamba nilikasirika. Ina chumvi mahali pake, ndimu mahali pake, pilipili inakuja mwishoni wakati umeshaacha kuitazamia. Niliirudisha bwenini nikaificha kwenye sanduku, nikaapa nitaimwaga. Jioni tukapewa githeri ya mahindi na maharagwe yenye wadudu, unajua ile, ukitoa mdudu unaambiwa ni nyama. Sharon akaiona chupa. Dakika tano, wasichana tisa! Wameipaka kwenye githeri, wamepangusa chupa kwa mkate, mmoja amelamba kifuniko. Mimi nimekaa kitandani nataka kucheka na nataka kutapika, na siwezi kusema. Mwisho nikaona nitalala njaa kwa sababu ya mate ya dada yangu, ambaye tumelala kitanda kimoja utoto wote akinidondoshea hayo mate shingoni. Nikaenda nikala.

Kikombe, sasa. Nilisoma hiyo sehemu mara tatu. Nilikuambia uache, na bado nasema uache. Lakini sicheki tena.

Kwa nini humwambii Meena kwamba hutaki kikombe chako kikae na mende? Ni sentensi moja. Una ulimi, nimeuonja.

Bonareri

*

Kiogoro,
Jumapili, 1 Juni 2025

Bonareri,

Anajua. Ba anajua. Alijua tangu mwanzo.

Jana Meena alikuwa dukani na Bipin alikuwa amekwenda kuleta mzigo. Nimesimama kwenye jiko, mwiko uko mdomoni. Sikusikia fimbo yake. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, si kwenye kiti, mlangoni kabisa. Nilingoja "Chhi!" Nikashika ukingo wa sinki.

Hakusema Chhi. Alisema, kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "Chumvi imetosha?"

Nikautoa mwiko mdomoni.

"Nauliza. Imetosha?"

Nikasema, "Bado kidogo, Ba."

"Basi tia."

Nikatia. Nikaongeza na ndimu ambayo haikuhitajika. Yeye ameegemea mlango, anaitazama sufuria. Kisha akasema, "Mimi najua siku mingi. Meena napima na kijiko. Nyanya hapana fuata kijiko. Mvua ikinyesha Suneka, nyanya maji. Jua ikiwaka, nyanya kali. Kijiko iko ile ile. Lakini wewe, kila siku sawa, kila siku sawa. Mkono haiwezi jua. Ulimi tu."

Nilimuuliza, na sijui nilipata wapi sauti, "Mbona hukusema?"

Akacheka bila meno. "Nikisema, nitakula nini?"

Akanihadithia huku amesimama, na mimi nakoroga ili isishike. Aliletwa Kisii kuolewa akiwa na miaka kumi na sita. Siku moja mama mkwe wake alimkuta ameonja mchuzi, akamwaga chakula chote na kumnyima siku mbili. Toka hapo hakuonja tena. Miaka zaidi ya sitini amepika bila kuonja na kula kilichopikwa bila kuonjwa. Ukinyunyiza chumvi mezani, anasema, inakaa juu ya ulimi kama mchanga, haiingii ndani ya chakula. Akajua kwamba nalamba siku ile ile ya pili, kwa ladha tu. Alikwenda bafuni akatapika. Siku ya tatu alikula nusu ya bakuli akiwa amefumba macho. Siku ya nne aliomba aongezewe.

Kisha akarudi kwenye kiti chake, akachukua shanga zake za sala.

Ningefurahi, sivyo? Sitafukuzwa. Lakini nilipotoka hapo nilijisikia vibaya kuliko siku zote. Nilitaka achukizwe. Nimejichafua roho karibu mwezi mzima ili achukizwe, na yeye alikuwa anaomba aongezewe. Halafu saa nne nikafungua kijimlango cha chini ya sinki. Ba anakula mate yangu mchana na anashukuru Mungu wake, na kikombe changu kinalala na brashi ya choo. Mdomo wangu unamfaa. Kikombe kilichogusa mdomo huo hakimfai.

Naona kinyaa, Bonareri. Kwake na kwangu. Kuanzia kesho napima kwa kijiko cha Meena.

Gesare

*

Shuleni, Nyamira,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Gesare,

Naandika haraka, mzee Manasseh amewasha gari.

Tisa wa bweni langu wanauliza chupa nyingine itakuja lini. Sharon amesema atalipia kwa sukari yake. Sijui nikuambie hilo kama habari njema au mbaya.

Umefanya vizuri kuacha. Lakini umeacha ukiwa umenyamaza, kama ulivyoanza ukiwa umenyamaza. Ba akila salsa mbaya atajua umekasirika, lakini hatajua ni kwa nini. Atadhani umeogopa. Yeye si mchawi, anajua chumvi tu.

Sentensi moja, dada. Ukishindwa, niandikie uniambie kwamba umeshindwa, na sitakucheka. Nitakucheka kidogo.

B.

*

Kiogoro,
Jumapili, 15 Juni 2025

Bonareri,

Kaa mahali ambapo Sharon hawezi kukusomea begani.

Wiki ya kwanza nilipima kwa kijiko kama nilivyoapa. Chumvi vijiko vinne, ndimu sita, kama karatasi ya Palak inavyosema. Mvua ilikuwa imenyesha Suneka kila jioni, nyanya zikaja zimejaa maji, na salsa ikatoka kama maji ya kusuuzia sahani. Bakuli likaenda kwa Mungu, Meena akaonja baadaye, akakunja uso. "Gesare, umepima?" "Nimepima, Mama Palak." Mama mmoja wa ofisi za kaunti alirudisha chupa aliyokwisha kula robo, akaiweka kaunta ya duka na kusema, "Hii si ile." Ba alikuwa anagusa kidogo kwa ncha ya chapati na kusukuma bakuli kando. Kila siku bakuli lake lilirudi jikoni limejaa, juu limefanya utando, na mimi ndiye niliyelimwaga.

Jumatano Meena aliposhuka, Ba alikuja mlangoni.

"Onja," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Onja! Mungu nitamwambia mimi mwenyewe."

Ndipo nikasema. "Kikombe changu kikae na vingine."

Unajua sauti yangu. Ba aliweka mkono sikioni. "Nini?" Ikabidi niiseme mara ya pili, na mara ya pili ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Kikombe changu kikae na vingine! Si na dawa ya mende!" Nilidhani wamesikia dukani. Nilidhani umesikia wewe huko Nyamira.

Ba akageuka, tok, tok, fimbo yake ikarudi kitini. Nilimaliza sufuria ile bila kuonja, machozi yakidondoka nje, nilihakikisha yanadondoka nje.

Alhamisi kikombe kilikuwa pale pale chini. Sikunywa chai. Nilikunywa maji ya bomba kwa viganja.

Ijumaa asubuhi niliingia nikakuta Ba yuko sakafuni jikoni. Nilidhani ameanguka, nikakimbia. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kiko ndani ya kijimlango, chupa ya dawa ya mende imepinduka. Alitoa kikombe akikishika kwa vidole viwili, na uso wake, sitakudanganya, ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyeshika panya kwa mkia. Nilimwinua. Akakiosha mwenyewe kwa majivu ya ubani na maji moto. Mara nne. Akakausha kwa upindo wa sari yake, akakitundika. Alikitundika kwenye ndoano ya mwisho kabisa, na kati yake na cha mgeni wa mwisho aliacha ndoano moja tupu. Niliiona hiyo ndoano. Jana pia niliiona.

Meena alipopanda akasimama mbele ya ubao. "Nani amekiweka hapa?"

"Mimi," Ba akajibu kutoka kitini.

Meena akatazama kikombe, akanitazama mimi, akawa mwekundu shingoni. Lakini saa nne alipochemsha chai alikichukua yeye mwenyewe, akamimina, akanipa mkononi. Tangu siku ya pili alikuwa ananiwekea birika tu kwenye kaunta ya jikoni. Chai ilikuwa na ladha ya majivu. Niliimaliza.

Kisha Ba akatoa amri nyingine. Kuanzia sasa, sufuria ikiiva, bakuli la Mungu lichotwe kwanza, kabla ya chumvi ya mwisho. Likishawekwa kwenye kijumba, mimi nionje kwa kijiko changu kidogo ambacho hakirudi sufuriani, nirekebishe, ndipo tujaze chupa. Meena alibisha kwa lugha yao. Ba akamjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Mungu kwanza. Yeye hapana kula chumvi. Baada ya Mungu, ulimi ya Gesare." Meena alicheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Kwa hiyo unaona, sasa naonja waziwazi, na nyanya za jana zilikuwa tamu kuliko zote.

Lakini hii ndiyo sehemu ambayo naomba usikie peke yako. Jana mchana Ba aliniita nilipompelekea bakuli. Alikuwa amekwisha kuanza kula. Kwa kuwa hana meno, chapati huwa anaifyonza, haitafuni. Alikuwa na kipande mkononi, ukingo wote umelowa mate, umekuwa kijivu na laini. Akakichovya kwenye salsa, akanyoosha mkono kwangu.

"Kula."

Nilikitazama kile kipande. Niliona ule utelezi uking'aa, na mbegu moja ya nyanya imenata juu yake. Nilitamani kusema Chhi. Neno lilikuwa tayari ulimini, Bonareri, kwa lugha yao. Meena alikuwa chini, hakuna aliyetuona isipokuwa zile sanamu za kijumba.

Ba hakuuondoa mkono. Ulikuwa unatetemeka kwa uzito wa chapati tu.

Nikala. Kilikuwa na joto la mdomo wake. Nilikitafuna mara mbili, nikameza, macho yakatoka machozi, na yeye akaniangalia mpaka akaona koo limeshuka. Ndipo akajifuta vidole na kusema, "Sasa sawasawa. Nyamaza."

Nadhani alimaanisha zile siku ishirini na tatu za kulamba mwiko. Palak hajui, Bipin hajui, na Meena akijua atazikumbuka zote, atakumbuka kila chupa na kila mtu aliyeichukua. Ba ameahidi kwa kipande cha chapati, na mimi nimeahidi kwa kukimeza. Lakini wewe nilikuwa nimekwisha kukuambia kabla, kwa hiyo sasa tuko watatu.

Usimwambie mama yako. Usimwambie Sharon, hasa Sharon, aliyelamba kifuniko. Barua zangu zitie kwenye moto wa jikoni siku ya kuchoma takataka, na ile chupa ioshe uweke kalamu zako. Ukiulizwa ilikuwa na nini, sema nyanya, pilipili, ndimu na dania. Wakisisitiza kwamba kulikuwa na kitu kingine, waambie mvuje. Hapo koma, dada, tafadhali.

Gesare